Karata 52 na kijiji kisicho na mshindi

Ndugu msikilizaji, ukitaja neno karata katika mji huu, nusu ya watu watakumbuka vijana wa karata tatu kule stendi, wale wenye meza ya boksi na wenzao wawili wanaojifanya wateja. Nusu nyingine watakumbuka wazee wa barazani, wanaopigiana turufu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi iwainue. Kote kuwili sheria ni moja: mmoja apate, mwingine akose.

Wiki hii nina habari za mchezo wa karata ambao haumo katika mafungu hayo mawili. Hauna turufu, hauna fedha mezani, wala hauna mshindi. Wanaocheza, kuanzia wawili hadi wanne, wote wako upande mmoja. Kazi yao ni kusimulia pamoja mwaka mmoja wa maisha ya kijiji kilichosalia baada ya dunia tunayoijua kuanguka. Jina lake ni The Quiet Year, ambalo kwa Kiswahili tungesema Mwaka Mtulivu. Ulibuniwa na Avery Alder wa Kanada, na ulitolewa mwaka 2013.

Najua wapo watakaosema kwamba bwana huyu leo amekosa la kuzungumza. Bei ya sukari ipo, foleni za magari zipo, yeye anatuletea michezo. Nivumilieni. Kabla ya mchezo nitaanza na mkutano.

Mtaani kwetu kuna mtaro ambao masika yakianza hugeuka mto. Mwaka jana tuliitana, wenye nyumba na wapangaji, tukakaa chini ya mwembe. Mwenyekiti akaeleza haja ya kuuzibua na kuuchimba upya. Akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ikapanda, wa kwangu ukiwa mbele, kwa kuwa mimi ndiye niliyependekeza siku ya kazi na namna ya kugawana zamu. Jumamosi ilipofika tulijitokeza watu saba, na mmoja kati ya hao saba alikuwa amefuata jembe lake aliloazimwa. Kwa miezi mingi nilikuwa nikilieleza jambo lile kwa neno moja tu: uvivu. Siku hizi sina hakika tena, na kilichonitia shaka ni huo mchezo.

Uliletwa nyumbani na mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye anasoma chuo na alikuja kwetu likizo. Alikuwa na kijitabu cha sheria na seti ya karata za kawaida, hizi hizi zinazouzwa dukani. Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, televisheni imenyamaza, na jirani yetu, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandari, alikuwa amekuja kuchaji simu kwenye sola yetu. Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Hivyo tukawa wanne bila kupanga.

Hadithi yenyewe inaanza hivi. Ulikuwapo ustaarabu mkubwa, nao ukavunjika. Mchezo hausemi ulivunjwa na nini. Waliosalia walipigana vita vya muda mrefu na adui aitwaye Mbweha. Sasa Mbweha wamefukuzwa, na kijiji hiki, chenye watu kama sitini hadi themanini, kimepata mwaka mmoja wa utulivu. Mmoja tu. Majira ya baridi yakifika watakuja Wachungaji wa Barafu. Ni akina nani hao? Ni jeshi? Ni ugonjwa? Ni wageni wema? Sheria hazisemi, na hazisemi kwa makusudi. Wachezaji wanajua tu kwamba watakuja, na kwamba huenda kijiji kisisalimike.

Hadithi za dunia iliyoharibika si ngeni. George Orwell alitoa 1984 mnamo mwaka 1949, na anayeifunga kurasa ya mwisho hana pa kushika. Kwa upande wetu, Euphrase Kezilahabi alitupatia Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na Katama Mkangi wa Kenya akatoa Walenisi mwaka 1995, riwaya ambamo mtu aliyehukumiwa katika nchi ya dhuluma anafika kwenye sayari ya watu walioamua kuishi kwa haki. Mchezo huu ni ndugu wa Walenisi zaidi kuliko wa Orwell. Dunia imekwisha haribika, hilo halina mjadala. Kinachobaki ni kuamua leo tupande nini, nani achote maji, na mgonjwa alazwe wapi.

Sasa tazama jinsi karata zinavyofanya kazi. Seti ya karata ina karata 52. Mwaka una wiki 52. Karata moja ni wiki moja. Seti ina mafungu manne, na nchi za baridi kama Kanada zina majira manne. Basi kopa zimekuwa majira ya kuchipua, uru ni kiangazi, pau ni majira ya majani kupukutika, na shupaza ni baridi. (Kwa faida ya vijana: majina hayo manne tuliachiwa na Wareno, ambao walifika pwani hii mwaka 1498 wakang'olewa Fort Jesus mwaka 1698. Ngome yao sasa ni makumbusho, lakini majina ya karata zao bado yanatajwa barazani kila jioni.) Kila fungu huchangwa peke yake, kisha mafungu yanapangwa kwa kufuatana, kopa juu kabisa na shupaza chini.

Kila mchezaji kwa zamu yake hufunua karata moja. Katika kijitabu kila karata ina maneno yake, mara nyingi maswali mawili ambayo mchezaji huchagua mojawapo. Za mwanzo wa mwaka ni za upole, zinauliza juu ya watu na mahali: nani wanaheshimika hapa, watoto wanafanya nini, kuna nini pale mbali. Kadiri mwaka unavyokwenda maswali yanakuwa mazito. Katikati ya meza inakaa karatasi kubwa nyeupe, nayo ni ramani. Kila linalotokea linachorwa pale kwa picha ndogo, na usijali kama huwezi kuchora. Sisi tulitumia mgongo wa kalenda ya zamani.

Hakuna mchezaji mwenye mhusika wake. Wewe si mfalme wala si shujaa. Unakitazama kijiji kwa juu, kama mwewe anavyokiona, na wakati huohuo unasema kwa niaba ya fikra fulani zilizomo ndani yake. Pia una wajibu wa pili, ambao ulimsumbua sana mzee wa bandari: unatakiwa kukiletea kijiji matatizo. Alisema, "Sasa mimi nitawaombea shari watu ambao nimewachora mwenyewe?" Mpwa wangu akamjibu kwamba shari ipo tu, babu, mtu lazima aitaje.

Kabla ya karata ya kwanza kila mtu hutaja kitu kimoja ambacho kijiji kinakihitaji. Mke wangu alisema maji ya kunywa. Mpwa wangu akasema dawa. Mimi nikasema mbegu. Mzee akasema chumvi, na alipoulizwa kwa nini akajibu kwamba hatukuwahi kuishi bila friji. Kisha kundi zima huchagua kimoja kati ya hivyo kiwe tele, na vingine vyote vinakuwa haba. Tukachagua chumvi iwe tele, kwa sababu mzee alikwisha chora ufukwe na bandari iliyozama. Kwa hiyo tulianza mwaka tukiwa na milima ya chumvi na kiu.

Baada ya kusoma karata yake, mchezaji hufanya moja kati ya mambo matatu. Anaweza kugundua kitu kipya na kukiweka katika ramani. Anaweza kuanzisha mradi, yaani kazi ya kijiji, na hapo kundi hukubaliana itachukua wiki ngapi, haizidi sita. Dadu huwekwa juu ya mchoro wa mradi ikionyesha idadi hiyo, na kila wiki hupunguzwa moja mpaka kazi iishe. Tuliazima dadu za ludo ya watoto. Jambo la tatu ni kuitisha mjadala, na hapo nitakawia kidogo.

Mjadala katika mchezo huu una sheria ambayo sijaiona katika mkutano wowote niliowahi kuhudhuria, na kwa kazi yangu nimehudhuria mingi kuliko harusi. Anayeitisha hutoa hoja au huuliza swali. Kila mmoja anasema mara moja, sentensi moja au mbili. Basi. Hakuna kujibizana. Hakuna kura. Hakuna wa kusema "kwa hiyo tumekubaliana". Mjadala unaisha palepale ulipofikia, na zamu inapita kwa mwingine.

Msikilizaji, mimi ni mtu wa redio. Miaka ishirini nimeongoza mazungumzo studioni, na kazi yangu ni kumaliza kwa muhtasari: mgeni wetu huyu amesema hivi, yule amesema vile, kwa jumla basi. Mpwa wangu alipoitisha mjadala wa kwanza, kama vijana wajenge au wakachote maji ng'ambo, nilisikiliza wenzangu wote na kinywa kikaanza kuwasha. Nilipofungua mdomo mara ya pili akaniwekea kidole. "Umekwisha sema, mjomba." Nikakaa na muhtasari wangu tumboni.

Kwa nini mbunifu aliweka kizuizi hicho? Nadhani jibu linapatikana ukiitazama michezo mingine ya kushirikiana. Michezo hiyo ipo, na mashuhuri katika hiyo ni Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka mwaka 2008, ambamo wachezaji hupambana pamoja na magonjwa manne yanayoenea duniani. Ni mchezo mzuri. Lakini aliyewahi kuucheza atakwambia kasoro yake: akiwapo mtu mmoja mwerevu mwenye sauti, wengine hugeuka kuwa mikono yake. Anawaambia peleka kile pale, tumia ile, na wanatii. Wanashinda pamoja, lakini amecheza mmoja. Katika Mwaka Mtulivu mwerevu hanyang'anyi zamu ya mtu. Mwenye zamu ndiye mwenye uamuzi, hata kama amechagua upuuzi, na wewe huna ruhusa ya kumrekebisha.

Sasa utauliza, mtu akichukizwa afanye nini? Hapa ndipo penye punje za maharage.

Katikati ya meza huwekwa vijiwe, na katika toleo linalouzwa ni mafuvu madogo madogo. Jina la vijiwe hivyo kwa Kiingereza mtu angelitafsiri kuwa dharau, lakini mimi naona neno letu la haki ni kinyongo. Wakati wowote ukihisi kijiji kimeamua jambo bila kukujali, au umepuuzwa, unachukua kinyongo kimoja na kukiweka mbele yako. Hutakiwi kueleza. Kinakaa pale, kila mtu anakiona, mchezo unaendelea. Ukitaka baadaye kufanya jambo la kujipendelea, unarudisha kinyongo kimoja kama sababu yako. Na mwenzako akifanya jambo linalokuridhisha kwa dhati, linalorudisha imani, unaweza pia kurudisha kimoja. Mwisho wa mchezo havihesabiwi. Havina alama. Sisi tulitumia maharage yaliyokuwa mezani.

Zamu yangu ya kwanza nilianzisha ukuta. Niliona ni jambo la wazi: Mbweha wamefukuzwa, hawajafa, basi tujenge ukuta. Wiki sita. Nikachora ukuta mzuri kutoka kilimani mpaka ufukweni na kuweka dadu yangu. Sikuitisha mjadala kwa sababu sikuona la kujadili. Mke wangu hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akachukua punje moja, akaiweka mbele yake, akaendelea kutazama ramani.

Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Zamu yake ilipofika alianzisha shimo la kuvunia maji ya mvua, wiki nne. Mzee akagundua mtumbwi uliopasuka pale bandarini. Mpwa wangu akachora kundi la wageni watatu wakitazama kijiji kutoka mbali, na akakataa kutuambia ni akina nani. Kopa zikaisha, uru zikaanza. Nilifanya jambo la pili bila kuuliza, nikawahamisha wazee wa kijiji kwenda bondeni ili wawe salama. Punje ya pili. Mzee wa bandari naye akachukua moja, na huyo sikumwelewa mpaka nilipokumbuka umri wake.

Kisha ikaja wiki ambayo mke wangu alifunua karata iliyotaka mradi mmoja uanguke, na mfunuaji ndiye wa kusema ni upi na kwa nini. Hakufikiri sana. "Ukuta," alisema. "Watu hawakuja. Siku ya kwanza walikuja, wakabeba mawe mawili matatu, siku ya pili kila mmoja alikuwa na shughuli."

Nikamwambia, lakini ukuta ni wa faida yao.

"Ndiyo," akasema. "Nani aliwauliza?"

Ndipo nilipouona mtaro wetu, ndugu msikilizaji, ukiwa umechorwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kalenda. Siku ile chini ya mwembe mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno, na kimya kile tulikihesabu kuwa ni ridhaa. Sasa naanza kukumbuka nyuso. Yule mpangaji wa vyumba vya nyuma, ambaye maji hayamfikii, alipangiwa zamu sawa na mwenye nyumba ya ufukoni mwa mtaro. Mama wa genge alipangiwa Jumamosi, siku yake ya mauzo. Kama tungekuwa na bakuli la maharage pale katikati, nadhani lingekwisha kabla ya mikono kupanda. Mikono ilipanda kwa sababu haikuwapo njia nyingine ya kusema. Kinyongo kilikwenda nyumbani na wenyewe, kikakaa kimya, na Jumamosi kikafanya kazi yake.

Sisemi kwamba mchezo huu ni dawa ya mikutano ya mitaa. Kwanza ni mrefu. Sisi tulianza saa mbili usiku tukamaliza saa sita kasoro, na kijitabu kinakiri kwamba ndivyo ilivyo, ingawa unaweza kupunguza karata ukitaka mwaka mfupi. Pili, si wa kila mtu. Aliyezoea kupiga karata mezani kwa kishindo atapata usingizi. Na kuna watu watageuza vinyongo kuwa mzaha, wakichukua punje kwa kila neno, na hapo haupo mchezo tena.

Nina neno jingine pia, nalo ni zito zaidi. Karatasi ile nyeupe ya mwanzo haikunipendeza sana. Sisi ni watu ambao nchi zetu ziliwahi kuchorwa na wengine kwenye mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, na nikiona ramani tupu inayosubiri kalamu najiuliza waliokuwa wakikaa hapo wako wapi. Na hao Mbweha waliofukuzwa, walifukuzwa kutoka ardhi ya nani? Nilipomwambia mpwa wangu hivyo alitabasamu, akasema sikuwa wa kwanza. Mwaka 2014 ulitoka mchezo dada uitwao The Deep Forest, kazi ya Mark Diaz Truman pamoja na Alder mwenyewe. Humo wachezaji si binadamu. Ni viumbe wa msituni, wale ambao katika hadithi huitwa mazimwi, na mwaka wao wa utulivu umekuja baada ya kuwafukuza binadamu waliokuwa wamewavamia na kuwatawala. Wanatakiwa kujenga upya, na kuamua nini cha mtawala wakihifadhi na nini wakichome. Huo sijaucheza. Ninauogopa kidogo, kwa sababu nahisi nitaujua mwisho wake.

Turudi mezani. Majira ya baridi yalipoingia mzee wa bandari alipinga. Baridi ya wapi, alisema, huku kwetu mambo mabaya huja na jua. Ana haki. Mchezo umetoka nchi ambayo majira ya baridi yanaweza kumwua mtu aliyekosa kuni, na ndiyo maana kitisho chote kimewekwa kwenye shupaza. Mpwa wangu akampa ruhusa ya kuiita ukame, na tangu hapo mzee alicheza kwa bidii kuliko sisi sote.

Katika shupaza 13 yumo mfalme, na mfalme wa shupaza ndiye Wachungaji wa Barafu. Akifunuliwa, mchezo unakoma papo hapo. Kwa vile shupaza zimechangwa, hakuna ajuaye atatoka lini. Mwaka waweza kwisha wiki ya 40, waweza kufika 52. Huwezi kupanga kwamba nitamalizia mambo yangu wiki ya mwisho, kwa kuwa huijui ni ipi.

Kwetu alitoka karata ya nne ya shupaza. Shimo la maji lilikuwa limekwisha kamilika zamani, lakini lilipasuka wakati wa pau, na ukarabati wake ulikuwa umebakiza wiki moja. Dadu inaonyesha moja. Wale wageni watatu tulikuwa tumewapokea, na mmoja wao alijua dawa. Wazee walikuwa wamerudishwa kutoka bondeni, kwa zamu yangu mwenyewe, na mzee wa bandari alirudisha punje yake katikati siku hiyo bila kunitazama. Mke wangu akafunua karata. Mfalme.

"Sasa?" mzee akauliza. "Wakafanyaje?"

Mpwa wangu akakusanya karata. Ndio mwisho, babu.

Mzee alikasirika kweli. Alisema ni sawa na kuzimiwa redio dakika ya themanini na tisa. Alitaka kujua kama Wachungaji waliwaua watu wetu au walikunywa nao maji. Tulibishana mpaka simu yake ikajaa chaji, na hapo sheria haikukataza, kwa kuwa mchezo ulikwisha. Nilichoona ni kwamba hakuna aliyeuliza nani ameshinda. Tulikuwa tunahesabu tulichoacha bila kukamilisha.

Mzee alipoondoka nilitazama meza. Mbele yangu hapakuwa na punje hata moja. Kwa saa nne mimi sikuwahi kujisikia nimepuuzwa, na si ajabu, maana mengi yalikwenda nilivyotaka. Mbele ya mke wangu zilikuwa punje nne. Nikamwambia kwa mzaha kwamba nakumbuka tatu tu, ukuta, wazee, na ile mbegu niliyoigawa.

Akaziokota, akazirudisha kwenye ungo. "Hiyo ya nne si ya mchezo," alisema.

Sikuhitaji kuuliza sana. Mwaka jana nilimkubalia mdogo wangu ahamie kwetu na watoto wake wawili, na mke wangu nilimwarifu jioni, mizigo ikiwa njiani. Hakupinga. Aliwapikia, akawatandikia, na kwa miezi minane waliyokaa hakusema neno. Nami kimya chake nilikihesabu vilevile kama mwenyekiti wetu chini ya mwembe. Usiku ule alisema. Alisema mengi, nami kwa mara ya kwanza sikumalizia kwa muhtasari.

Kuhusu mtaro, tumeitana tena mwezi ujao. Nimemwomba mwenyekiti kwamba safari hii tuzunguke, kila mmoja aseme mara moja kabla ya mikono. Ameniambia mkutano utachelewa kwisha. Utachelewa, kweli.

Mzee wa bandari amerudi mara mbili kuulizia karata. Sharti lake la kucheza tena ni moja, kwamba mfalme wa shupaza awekwe chini kabisa ili watu wamalize kazi zao. Mpwa wangu amekataa.